Bomba Lisilofika Namkwale

Somoe Chilumba alikuwa mwanamke wa kwanza kijijini kwetu Namkwale kupanda baiskeli mbele ya watu wazima. Ilikuwa baiskeli ya mradi wa maji, nyekundu, na alipoingia nayo mwaka ule wa 1990 akitokea upande wa Madimba, wanaume waliokaa kwenye baraza ya msikiti waliacha mazungumzo yao. Hakuteremka. Aliwaamkia akiwa juu ya kiti, akapita, akaenda kuiegemeza ukutani kwa mama yake. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi, jirani yao, na siku ile niliamua kwamba nikikua nitakuwa kama yeye. Mengi ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe. Mengine alinieleza yeye, miaka mingi baadaye, tukiwa tumekaa tunabangua korosho.

Kabla ya mradi, Somoe alikuwa akifundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alikuwa na sauti ambayo haikupanda hata alipokasirika, na alijua kumwacha mtu amalize kusema. Watu wa mradi walipotafuta mhamasishaji wa vijiji vya bonde la Ruvuma, mtu wa kukaa na wanakijiji na kuwaeleza mambo yakaeleweka, mwenyekiti wetu Mustafa alimtaja yeye bila kufikiri mara mbili.

Na kazi ya kueleza haikuwa ngumu mwanzoni, kwa sababu shida ya maji kila mtu aliijua kwa mabega yake. Namkwale iko juu ya bonde, karibu na pale mto unapoishia baharini. Maji unayaona ukiwa umekaa mlangoni kwako, lakini kuyanywa ni kazi nyingine. Bamvua ikija, bahari hupanda ndani ya mto na visima vya bondeni vinaonja chumvi, mpaka chai inakuwa kama mchuzi. Mwanamke aliyetaka maji matamu alilazimika kufuata mto kwenda juu, kwenye matete, na huko kuna mamba. Tulikwenda kwa makundi, mmoja akichota na wengine wakipiga maji kwa fimbo na kelele.

Mradi uliletwa na nchi moja ndogo ya kaskazini ya Ulaya, ambayo jina lake wengi wetu tulilitamka kila mtu kwa namna yake. Mkuu wake mkoani alikuwa mhandisi mmoja mtu mzima, Henriki, mrefu, mwenye nyusi nyeupe, aliyezungumza Kiswahili cha polepole lakini safi. Chini yake alikuwepo Erasto, kijana wa Singida, mpimaji, aliyepanga chumba Rahaleo mjini Mtwara na ambaye kila alipokuja kwetu alilalamika kuwa samaki wamemchosha, anatamani nyama.

Erasto ndiye aliyepima na kusema kwamba tangi lazima likae Kilimani, mahali palipoinuka kuliko kote kijijini, ili maji yakishapandishwa pale yashuke yenyewe hadi kila kitongoji. Hapakuwa na mahali pengine. Na Kilimani palikuwa shamba la mikorosho la Bi Hawa Nampunga.

Bi Hawa alikuwa mjane. Ndiye aliyekuwa kungwi wa Somoe, aliyemwingiza unyagoni na kumtoa. Kwetu sisi mtu huyo si jirani wala si rafiki. Ni mzazi wa pili, na neno lake huwezi kulirudisha hivi hivi. Mikorosho ile alipandiwa na marehemu mume wake walipooana.

Mustafa alitaka kwenda yeye pamoja na Erasto. Somoe akasema, "Niachieni mimi." Akaenda peke yake asubuhi, akamkuta Bi Hawa anachambua ming'oko, vile viazi vya porini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baiskeli umeiacha wapi leo?"

"Leo nimekuja kwa miguu. Nimekuja na ombi zito."

Alimweleza yote. Bi Hawa hakumkatiza. Mwisho akauliza, "Mikorosho yote?"

"Karibu yote, mama. Tangi lenyewe, na njia ya magari ya kuleta saruji, na mtaro wa bomba. Itabaki michache ya ukingoni."

"Hii imeshikwa na ubwiri unga," Bi Hawa alisema, kama anayejibembeleza. "Miaka hii maua yanakauka tu. Na bei yenyewe ya korosho unaijua."

"Najua, mama."

Bi Hawa aliweka kisu chini. "Sasa niambie kitu kimoja. Haya ya kwamba maji yatafika, unaniambia wewe, au wao ndio wamekutuma uniambie?"

Somoe aliniambia kwamba alijua kabisa swali lile lilikuwa linauliza nini. Angeweza kujibu kwamba ni wao. Ndiyo ilikuwa kweli; yeye hakuwa na bomba wala tangi. Lakini alikuwa ameona michoro, ameona shehena ya kwanza ya saruji bandarini Mtwara, ameona vijiji vingine ambako mradi huo huo ulikuwa umekwisha fungua maji na watoto wanaogea bombani.

"Nakuambia mimi, mama," akasema.

"Basi ikateni."

Mikorosho ilikatwa wiki ile. Bi Hawa hakwenda kuangalia. Tangi lilianza kupanda, na mwaka uliofuata likawa limesimama, jeupe, unaliona ukiwa bado mbali barabarani. Tulipewa kila kaya kipande chake cha mtaro. Nilichimba na mama yangu. Somoe alichimba chetu kilipotushinda, kisha akaenda kuchimba cha wazee wasiojiweza. Wanaume walioshangaa baiskeli yake sasa walikuwa wakimwita "bwana maji". Zilibaki bomba zenyewe na pampu, na hizo tuliambiwa zinakuja kwa meli.

Meli ile tuliingoja mpaka mwaka 1992 ukaingia. Somoe akaitwa mjini.

Alifika ofisini akawakuta wahamasishaji wenzake wa sehemu nyingine wamekaa wakingoja. Sekretari alikuwa anafunga vitu kwenye maboksi. Henriki aliingia, na badala ya kukaa nyuma ya meza yake alivuta kiti akakaa katikati yao.

"Sijui nianzie wapi," alisema. "Nianzie nyumbani kwangu."

Akawaeleza kwamba nchi yao ilikuwa na jirani mkubwa aliyekuwa akinunua karibu kila kitu walichotengeneza: viatu, karatasi, mashine, hata meli. Jirani huyo alikuwa amevunjika, nchi nzima imegawanyika vipande, hanunui tena. Viwanda vimefungwa. Watu waliokopa nyumba wameshindwa kulipa, na benki zilizokopesha zimeanguka, serikali inahangaika kuziinua. Mdogo wake mwenyewe, fundi wa kiwanda cha karatasi, alikuwa amekaa nyumbani miezi mingi, mke amemkimbia.

"Pole sana," akasema mmoja wao, na wote wakasema pole, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibiwa.

"Ahsanteni. Sasa bunge letu limekaa kutafuta mahali pa kupunguza. Wakigusa pensheni, wazee watapiga kelele. Wakigusa hospitali, watu wataandamana. Wakigusa misaada ya nje..." Alinyoosha mikono yake mirefu. "Ninyi hamna kura kule. Wameikata karibu nusu. Vijiji ambavyo kazi ilikuwa haijakamilika, imesimama."

Somoe akauliza, "Imesimama mpaka lini?"

"Katika ripoti tumeandika kwamba imesimama kwa muda."

"Mimi nakuuliza wewe, mzee wangu, siulizi ripoti."

"Mimi naondoka mwezi ujao, Somoe. Mkataba wangu pia umekatwa. Sidhani kama mtu mwingine atakuja."

Kwa hiyo aliambiwa ukweli, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko mengine. Aliporudi kijijini watu walikuwa wamejaa darasani wakimngoja. Mustafa alimpisha asimame mbele. Akamwona Bi Hawa amekaa kwenye dawati la mbele kabisa, na kitenge chake kipya, kama aliyekuja harusini.

Somoe alieleza habari ya benki na viwanda. Nakumbuka watu walivyotazamana. Sisi hata benki ya Mtwara wengi wetu hatukuwahi kuiingia, iweje benki ya kwenye theluji ianguke na kishindo chake kisikike Namkwale? Mzee Issa, imamu wetu, aliuliza swali lililokuwa midomoni mwa wote: "Kwa hiyo maji hayaji?"

"Mradi umesimama kwa muda," Somoe akasema.

Alisema vile kwa sababu ya macho ya Bi Hawa. Na kwa sababu ya neno lile la "kwa muda", tuliendelea kungoja. Masika ya kwanza tulisafisha mitaro iliyojaa udongo. Masika ya pili tukaisafisha tena, ingawa si wote waliotokea. Masika ya tatu hakutokea mtu isipokuwa Somoe na Bi Hawa, kila mmoja na jembe lake, na walipokutana pale mtaroni Somoe akamwambia, "Mama, tuache."

"Si umesema kwa muda?"

"Nilisema. Mama, hawarudi."

Bi Hawa alisimama akiegemea mpini wa jembe. Kisha akasema, "Ungeniambia tangu ile siku, ningepumzisha mgongo." Akageuka akaenda zake. Hapakuwa na ugomvi. Aliendelea kumwitikia salamu, aliendelea kumpelekea mihogo, na Somoe alisema angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Baiskeli nyekundu alinyang'anywa pamoja na mali nyingine za ofisi. Alirudi shambani. Aliolewa na Rashidi, mtu wa mashamba ya chumvi, wakazaa mtoto wa kiume wakamwita Danga, na kwa nje ungemwona mama wa kawaida kama akina mama wengine. Erasto alirudi kwao Singida.

Halafu zikaja mvua kubwa za El Nino, mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998. Ruvuma ilitapika ikajaza bonde lote. Visima vyote vya chini vilifunikwa, na maji yalipopungua yaliacha matope na mizoga. Kipindupindu kilifuata nyuma yake. Kijijini kwetu kilichukua watu ambao mpaka leo tukiwataja tunataja kwa sauti ya chini, na mmojawao alikuwa Sharifa, mtoto wa mwisho wa Bi Hawa, aliyekuwa amerudi kwao kujifungua. Alianza kuharisha asubuhi. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatika. Jioni hakuwepo, wala mtoto aliyekuwa tumboni.

Somoe alikwenda msibani, akakaa mlangoni. Bi Hawa alimwona. Aliinuka kutoka kwenye mkeka, akamfuata akamshika mkono.

"Wageni ni wengi," alimwambia. "Hakuna maji ya kuwachemshia chai. Nenda na wenzako mtoni."

Wakaenda. Mimi nilikuwa mmoja wao, nimeshakuwa mwanamke na mtoto mgongoni. Tulipofika aliingia mtoni hadi magotini bila kusubiri tupige fimbo, mpaka tukamvuta.

Sitasema kwamba bomba lingemwokoa Sharifa. Watu wamekufa kwa kipindupindu hata mijini kwenye bomba. Lakini Somoe hakuweza kulifikiria kwa namna hiyo. Kwake yeye ilikuwa: nilimwambia mtu akate shamba lake, nikamwambia ni mimi nasema, na baada ya hapo mwanawe amekufa kwa maji.

Muda si mrefu baadaye bei ya korosho ikapanda kuliko tulivyowahi kuiona. Watu walikuwa wamejifunza kupulizia salfa, ubwiri unga umepungua, na msimu ule vijiji vyetu viling'aa mabati mapya. Walinunua redio, walioa mke wa pili, walifanya harusi za siku nyingi. Bi Hawa alibaki na mikorosho ile michache ya ukingoni. Nyumba yake ilibaki ya makuti katikati ya mabati, na aliyekuwa akiezua na kuezeka upya kila yanapochoka alikuwa Rashidi, mume wa Somoe, kwa kutumwa na mkewe.

Somoe alifanya na lingine. Alikwenda Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, akaomba miche ya mikorosho ya kisasa, inayozaa mapema, akaipanda kwenye kipande cha shamba la mama yake mwenyewe, akaipalilia, na ilipoanza kuzaa akamwita Bi Hawa mbele ya Mustafa na Mzee Issa, akamkabidhi. Bi Hawa alipokea. Alisema ahsante, akaokota bibo moja la mkorosho, akalikamua mdomoni. Akasema ni tamu. Somoe alidhani baada ya siku ile moyo utatulia. Haukutulia.

Mwaka 2007 likaingia gari jeupe kijijini, likasimama shuleni, na akashuka mtu mnene mwenye mvi kidogo. Ilichukua muda kumtambua. Alikuwa Erasto.

"Dada Somoe!" alisema akicheka. "Au niseme Mama Danga?"

"Sema vyote. Na samaki bado wanakuchosha?"

"Sasa daktari ndiye amenikataza nyama."

Safari hii alikuwa mratibu wa mradi mwingine, wa wafadhili wa nchi nyingine, tajiri zaidi. Alikaa kwa Somoe, akala ugali wa muhogo, akamweleza. Mradi ulikuwa na awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikuwa na nafasi ya kijiji kimoja tu katika kata yetu: ama Namkwale, ama jirani zetu wa Chihanga. Kingechaguliwa kile ambacho wananchi wake wangekubali mapema kuchimba mitaro kwa nguvu zao, maana wafadhili walitaka kuona wenyeji wanaanza.

"Nimewaambia mjini Namkwale ndiyo inafaa," Erasto alisema. "Tangi lipo, linahitaji kuzibwa nyufa tu. Mitaro ya zamani ipo, itafukuliwa. Kinachotakiwa ni wewe usimame mkutanoni useme. Wewe watu wanakusikiliza."

Alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji wakati ule, na ni kweli, watu walimsikiliza. Somoe alimmiminia maji ya kunawa, akasema, "Bomba ziko wapi?"

"Zitanunuliwa."

"Zitanunuliwa na nani?"

"Na wafadhili, dada. Fedha imepitishwa."

"Na ile nayo ilikuwa imepitishwa."

"Ile ilikuwa bahati mbaya. Nchi yao ilianguka kiuchumi. Haitokei kila mwaka."

Mkutano ulifanyika keshokutwa yake. Darasa halikutosha, watu walisimama madirishani. Erasto alizungumza vizuri, akaeleza bila kuficha, hata la zamani akaliomba radhi ingawa kosa halikuwa lake. Vijana walianza kupiga makofi. Kisha mwenyekiti akampa nafasi Somoe.

Alisimama. Alitazama upande wa akina mama kumtafuta Bi Hawa, lakini Bi Hawa alikuwa na homa, hakuja.

"Mimi ndiye niliyewaambia chimbeni, mkachimba," alisema. "Mimi ndiye niliyesema kateni mikorosho, ikakatwa. Leo nawaambia tofauti. Asiinue mtu jembe mpaka bomba zifike hapa shuleni tuzione kwa macho na tuziguse kwa mikono. Wakizileta, tutachimba usiku na mchana. Wasipozileta, hatutakuwa tumepoteza kitu."

Sauti kutoka nyuma ikasema, "Amesema kweli huyo." Na wengine wakaitikia. Mimi pia niliitikia, sitajificha. Tulijiona watu wazima siku ile, tuliosimama mbele ya gari jeupe tukasema hapana. Erasto alijaribu tena, akabembeleza, akaeleza kwamba utaratibu hauruhusu bomba kutangulia. Mkutano ukapiga kura ya mikono. Wengi walisimama na Somoe.

Nje, kabla hajapanda gari, Erasto alimwambia, "Nitawaweka awamu ya pili. Lakini nakuomba usikasirike na mimi baadaye."

"Sikasiriki na wewe. Najilinda."

Chihanga walikubali siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wao, Kasiani, aliwatoa watu na majembe asubuhi iliyofuata. Bomba zilikuja, kweli zilikuja, kwa malori, zikapita barabarani mbele ya macho yetu kwenda kwao. Katikati ya mwaka 2008 Chihanga wakafungua maji. Ngoma tulizisikia hadi kwetu.

Sisi tulijipa moyo na awamu ya pili. Sasa hapakuwa na mtu aliyekataa kuchimba, Somoe akiwa wa kwanza. Alisema ameziona bomba, ameamini. Tulifukua mitaro ya zamani tukiimba. Tulikuwa tumefika nusu ya njia pale redio zilipoanza kutangaza benki za Marekani, halafu za Ulaya, moja inaanguka baada ya nyingine. Somoe alikuwa anapalilia muhogo na redio ndogo imening'inia mtini. Aliniambia alipolisikia neno benki na neno kuanguka yamekaa pamoja katika taarifa ya habari, aliacha jembe palepale shambani akarudi nyumbani.

Erasto alipiga simu mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Simu ilikuwa ya Danga, kwa hiyo mtoto ndiye aliyeipokea akampelekea mama yake jikoni.

"Dada Somoe."

"Usizunguke, kaka. Sema."

"Wameiondoa awamu ya pili. Si ninyi peke yenu, ni kata zote. Wamesema kwao watu wanapoteza kazi, serikali yao imefunga mkanda. Zilizokamilika zimebaki, ambazo hazijaanza zimefutwa."

"Kama tungesema ndiyo ile siku?"

"Mngekuwa mnakunywa," akasema.

Somoe alirudisha simu kwa mtoto, akageuza sufuria iliyokuwa motoni, akaiepua, akaiacha. Alasiri alikwenda kwa Bi Hawa. Wakati huo Bi Hawa alikuwa hawezi kutembea mbali, macho yamefifia, anakaa kibarazani siku nzima. Somoe alimweleza habari yote bila kufupisha, kama alivyopaswa kumweleza mara ya kwanza.

"Kwa nini ulikataa?" Bi Hawa akauliza. "Siku ile ya mkutano. Waliniambia umekataa, sikuamini."

"Niliogopa, mama. Nilikuwa nakufikiria wewe. Sikutaka mtu mwingine apoteze kama ulivyopoteza wewe kwa ajili ya maneno yangu."

"Lakini hukuja kuniuliza."

"Ulikuwa unaumwa."

"Homa tu ile. Masikio yangu yalikuwa mazima." Bi Hawa alipapasa mpaka akampata bega. "Ungeniuliza mimi. Ningekuambia chimbeni. Mtu hawezi kukaa na kiu kwa sababu jana aliyemwahidi alianguka. Ningechimba na mimi, pale ambapo ningeweza."

Somoe aliniambia kwamba alilia hapo kibarazani kama mtoto, na Bi Hawa hakumnyamazisha. Alimwacha alie, akaendelea kumshika bega. Bi Hawa alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka ule ule wa 2009, na Somoe ndiye aliyekuwa kichwani pake.

Ujumbe wa serikali ya kijiji aliuacha. Alimfuata Kasiani wa Chihanga yeye mwenyewe, akaenda kuomba, na kwa jinsi alivyoomba Kasiani akakubali wanawake wa Namkwale wachote bombani kwao alasiri, wenyeji wakishamaliza. Ni mwendo, lakini hauna mamba wala chumvi. Tunakwenda mpaka leo, na yeye tunakwenda naye, ingawa Danga ana pikipiki na amemwambia mara nyingi abaki nyumbani atamletea.

Juzi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mke wa mwalimu wa Chihanga, Joyce, mgeni ambaye hajakaa sana huku, alikuwa anamaliza kujaza dumu lake. Akatuuliza kwa upole tunatokea wapi.

"Namkwale," Somoe akajibu.

"Namkwale?" Joyce akafikiri kidogo. "Aa, nimesimuliwa. Ninyi ndio wale waliokataa maji."

Alisema bila ubaya, akiwa anatafuta kifuniko cha dumu. Nilifungua mdomo nimjibu, Somoe akanigusa mkono. Alimsaidia Joyce kujitwika, akasogeza ndoo yake chini ya bomba, akafungua.